Kuoanishwa kwa Chumba cha Mkunguni

Mwidani Bakari alijaliwa kipaji ambacho mtu mwingine angekipeleka kwenye mashairi. Yeye alikipeleka serikalini.

Alizaliwa Mtongwe, akasoma Mtongwe, akafundisha Kiswahili shule ya msingi miaka saba, kisha akaajiriwa karani katika ofisi ya idara moja ya serikali pale Likoni, ghorofa ya kwanza, kwenye mlango ambao kibao chake kimebadilishwa mara nne bila kilichomo ndani kubadilika hata kidogo. Alikuwa mtu wa kauli safi. Akisikia dukani kijana wa bara akisema "leta hizo masoda," aligeuka, akatoa salamu kwanza, kwa kuwa adabu ni adabu, halafu akamrekebisha. Wenye maduka walimheshimu, na walipomwona yuaja walinyamaza.

Kabla yake ofisi ilikuwa ikitafsiri matangazo yake kwa simu. Liko tangazo moja ambalo Likoni bado lasimuliwa. Liliwaita "wenye vigingi wote" wahudhurie mkutano wa bajeti ya barabara. Mwandishi alikusudia wadau; simu ililivunja neno la Kiingereza, "stakeholders", vipande viwili na kutafsiri kila kipande peke yake. Sasa, Likoni ni mahali ambapo watu wengi wamejenga juu ya ardhi ambayo hati yake i mikononi mwa mtu mwingine, na mtu wa namna hiyo akisikia serikali yataja vigingi, hafikirii barabara. Walikuja watu zaidi ya mia mbili, kila mmoja na kigingi chake, vingine vimechongwa asubuhi ile ile, wakiuliza upimaji waanzia upande gani. Mkuu wa ofisi wa wakati huo alihutubia umma wenye silaha. Wiki iliyofuata Mwidani aliitwa, akakabidhiwa matangazo, barua zote za Kiswahili, na kumbukumbu za mikutano.

Alianza kwa nia njema, kama waanzavyo wengi. Tangazo lake la kwanza lilisema: "Maji hayatakuwapo mpaka mwezi ujao." Lilirudi limepigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa: Linatisha. Akaandika upya kwamba huduma ya maji imo katika awamu ya urejeshwaji. Hilo likapita. Vibanda vya kina mama wauza samaki vilipobomolewa kando ya barabara, aliandika kwamba mazingira ya biashara yamehuishwa. Mkutano ambao walihudhuria watu watatu, mmoja wao mlinzi wa lango, ulikuwa mashauriano ya kina na kundi teule. Kila neno la Kiingereza lililoshuka kutoka makao makuu, limevimba na halina kitu ndani, Mwidani alilitafutia mwenzake wa Kiswahili, akamvisha kanzu, akamtia manukato.

Kilichomharibu ni utamu wa kazi yenyewe. Wenzake ofisini waliyabwaga maneno hayo kama wabwagavyo mizigo, yeye aliyapanga. Aliweza kukaa nusu saa na kalamu mdomoni akitafuta kitenzi ambacho hakina mtendaji. Alipokipata alihisi kile ahisicho fundi seremala droo inapoingia bila kukwaruza. Na watu wa makwao, waliposoma matangazo yale ubaoni, walisema, "Hiki ni Kiswahili cha Mwidani. Wallahi, mtoto huyu ajua lugha." Hawakusema wameelewa nini, naye hakuwauliza.

Basi mwaka jana, katika mwezi wa pili, mkuu wa ofisi, Bi. Lynnette, alimwita ndani akafunga mlango. Lynnette alikuwa mtu wa Machakos, mwenye miaka thelathini na minane, mchapakazi, asiyekuwa mbaya. Alikuwa na waraka mkononi.

"Mzee Mwidani, nitafutie neno."

"La nini, madam?"

"Kuna vyumba vya kuzalisha kwa zahanati ndogo ndogo. Makao makuu wanasema vile vyenye wazazi wachache, huduma iende hospitali kubwa ya huku Likoni. Sasa nikiandika 'kufunga', hawa watu watakuja hapa na maji moto."

"Kuhamisha?"

"Wataniuliza tunahamishia wapi, na ni mbali aje."

"Kuunganisha?"

"Wataniuliza na nini."

Mwidani akasimama dirishani. Chini, mchukuzi alikuwa akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji na kuwatukana wenye tuktuk. Neno lilimjia lenyewe, kamili, kama limetumwa.

"Kuoanisha," alisema. "Huduma za uzazi zitaoanishwa."

Lynnette akalionja. "Kuoanisha. Kuoanisha." Akatabasamu. "Mzee, wewe ni hatari. Linafanya mtu asikie kama kuna pilau." Akampa waraka akaandike tangazo.

Ni pale kwenye meza yake, alipofungua ukurasa wa pili, ndipo Mwidani alipoona orodha ya vyumba. Vilikuwa vitano. Cha tatu kilikuwa chumba cha zahanati ya Mkunguni, Mtongwe.

Chumba hicho kilikuwa cha dada yake. Kwenye karatasi kilikuwa cha serikali, lakini kila mtu wa Mkunguni alijua ni chumba cha Mwanarehema. Mwanarehema alikuwa amemzidi Mwidani miaka tisa na ndiye aliyemlea, mama yao alipofariki. Alikuwa amezika watoto wawili ambao hawakuwahi kulia, wote kwa sababu moja: uchungu ulimshika Mtongwe, na mkunga mwenye vifaa alikuwa kwengine. Baada ya wa pili aliwakusanya wanawake wenzake, wakakaa nje ya ofisi za watu miaka minne, mkeka chini, bila kelele, mpaka mtu mmoja alipochoka kuwaruka miguu akatia sahihi. Wakapata chumba kimoja, kitanda kimoja cha kuzalia, tangi la maji, na nesi mmoja, Quinter, aliyeletwa kutoka Homa Bay kwa miezi sita akakaa miaka ishirini na moja. Tangu siku kile chumba kifunguliwe, Mwanarehema hakupita mlango wake bila kutia mkono ukutani, kama mtu apapasaye ng'ombe wake.

Mwidani aliusoma ukurasa ule mara mbili. Kisha akaandika tangazo. Lilikuwa zuri. "Kwa azma ya kuimarisha huduma jumuishi na endelevu za uzazi, idara itaendesha zoezi la kuoanisha vituo vifuatavyo, na umma wote waalikwa kutoa maoni." Akajiambia kwamba kwenye mkutano watu watauliza, na wakiuliza wataambiwa, na wakiambiwa watakataa. Aliuamini mkutano kama mtu wa pwani aaminivyo kesho.

Alilipeleka tangazo mwenyewe, akalibandika kwenye ukuta wa zahanati. Nesi Quinter alitoka na glavu mkononi akalisoma lote, polepole, midomo ikicheza.

"Mzee Mwidani, hii ni kufunga?"

"Ni kuoanisha, nesi."

"Mimi Kiswahili changu ni cha kuokota. Nyinyi ndio wenyewe. Lakini nikitoa kitanda, nikatia kufuli mlangoni, nikapanda gari nikaenda, kwetu tunaita kufunga. Nyinyi mnaitaje?"

"Kuna mkutano Jumatano. Uliza hapo."

"Mimi ni mfanyakazi wa serikali. Nikiuliza hapo nitaoanishwa mpaka Mandera." Akarudi ndani. Kupitia mlango mtu alisikika akiguna kwa uchungu, na Quinter akimwambia, "Usisukume bado, mama, pumua, hakuna haraka."

Mkutano ulifanywa kwenye uwanja wa shule, saa nne asubuhi, chini ya turubai la kukodi. Walikuja watu wa kutosha, wengi wanawake. Lynnette alizungumza dakika arobaini. Mwidani alikaa kando yake na daftari la kumbukumbu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika, na pia kufafanua pale ambapo madam angeteleza. Hakuteleza. Aliyatumia maneno yote ya Mwidani, moja baada ya jingine, na yalipotoka mdomoni mwake na lafudhi ya Kikamba yalisikika mageni na yenye kuheshimika, kama mtu wa kawaida aliyevaa suti.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mzee Ngowa, mgema aliyestaafu, ambaye hakuwa na haja yoyote na chumba cha kuzalia ila hakosi mkutano.

"Mimi nauliza mahari," alisema.

"Mahari gani, mzee?"

"Si mwasema zahanati yetu yaoanishwa? Sasa twataka kujua ni mume au mke. Kama ni mke, huyo bwana wa Likoni aje na wazee wake, mambo yaende kwa heshima. Hatutoi mwari bure."

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Lynnette naye alicheka, na Mwidani akacheka, na kwa kicheko hicho yaliyobaki ya mkutano yakalainika. Mtu akishacheka pamoja na serikali, huona haya kuifokea.

Mwanarehema hakucheka. Alisimama akavuta leso yake vizuri mabegani. Hakumtazama Lynnette, alimtazama ndugu yake.

"Mwidani."

"Naam, dada."

"Mimi shule sikwenda, nilikuwa nikikulea weye. Hili neno siliulizi kwa mgeni, nakuuliza weye, nduu yangu, mbele ya watu. Hiki chumba chetu chafungwa, ama hakifungwi?"

Lynnette aligeuza uso kidogo tu, kama mtu asikilizaye simu ya mwenzake. Mwidani alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Lakini baadaye, alipojihoji, hakujidanganya kwamba alifikiria pensheni. Alichofikiria, na hili ndilo lililokuja kumkera zaidi, ni kwamba swali la dada yake halikuwa limeundwa vizuri, kwa kuwa kufunga na kuoanisha hazikuwa dhana zinazopingana. Miaka ya kazi ilikuwa imemfikisha hapo.

"Dada," alisema, "huduma haifungwi. Huduma yaoanishwa na nyingine, ili iwe bora zaidi."

Mwanarehema alisubiri, labda akidhani kuna sehemu ya pili. Haikuwapo.

"Haya," alisema, akakaa.

"Haya," wakasema wanawake waliomzunguka. "Inshallah. Mungu ajaalie."

Sasa hili ni lazima lielezwe, kwa ajili ya wasiozaliwa huku. Mtu wa Mtongwe hamwambii mgeni "hapana" usoni, hasa mgeni aliyekuja na viti vyake. Humwambia "haya, inshallah," na maana yake ni: tumekusikia, fika salama, na usirudi na jambo hili. Kila mtoto wa pale ajua. Mwidani alijua kuliko wote. Lakini daftari la kumbukumbu lilikuwa na safu tatu tu: wanaounga mkono, wanaopinga, na wasio na maoni. Aliinamisha kichwa akaandika, kwa hati yake nzuri ya mwalimu: "Umma uliafiki kwa kauli moja."

Kitanda kilichukuliwa wiki tatu baadaye, Jumanne, kwa pikapu. Vijana wawili walikibeba kupitia mlangoni kikakwama, wakakilaza ubavu, kikatoka. Tangi waliliacha kwa sababu halikuwa kwenye orodha. Quinter alipewa barua ya uhamisho hadi kituo cha Changamwe, akaondoka na begi moja na masufuria mawili, na wanawake walimsindikiza mpaka barabarani wakilia, jambo ambalo halikuandikwa popote kwa kuwa hapakuwa na mkutano. Mwanarehema alikaa kwenye ngazi ya zahanati siku nzima. Hakuna aliyemfukuza. Mlinzi alimletea chai.

Mwezi uliofuata mkwe wa jirani yao, Jalila, alishikwa na uchungu alfajiri. Tuktuk ilifika karibu na sokoni, ikakwama nyuma ya lori la ndizi lililokuwa likishusha. Mtoto akazaliwa hapo hapo, kwenye kiti cha nyuma, mikononi mwa Mwanarehema. Mtoto alikuwa mzima. Jalila alitokwa na damu nyingi mno, akalazwa siku kumi na tisa, na daktari akamwambia asitarajie kubeba mimba nyingine. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Ripoti ya robo mwaka ilipita mezani kwa Mwidani aisahihishe lugha. Kijana wa takwimu alikuwa amekwama, kwa sababu fomu ilitaka kila kizazi kiandikwe mahali kilipotokea, na tuktuk haikuwamo. Hatimaye alikitia chini ya "huduma tembezi", ambako tangu mwaka uanze palikuwa na sifuri. Kwa hiyo mwaka huo huduma tembezi ilionyesha ukuaji. Mwidani aliona "ukuwaji" imeandikwa na wau isiyo na kazi, akaifuta.

Ombi la Mwanarehema liliingia ofisini siku hiyo hiyo, au iliyofuata. Lilikuwa karatasi moja ya daftari la shule, limeandikwa na binti wa jirani, Salha, kwa kutajiwa. Lilisema: "Mumefunga chumba chetu cha kuzalia. Hatukukubali kifungwe. Jalila nusura afe. Twataka kifunguliwe, kitanda kirudi, na Nesi Quinter arudi." Chini yake palikuwa na majina sitini na nne, na alama za dole gumba thelathini na moja, za wino wa buluu, nyingine zimekokotwa kidogo.

Lynnette alilisoma akaliweka mezani kwa uangalifu, kama kitu cha moto.

"Mzee, tafadhali lijibu."

"Madam, mimi nimo humu. Huyu ni dada yangu."

"Najua. Ndio nakuambia wewe. Utajua kumwongelesha." Akajifuta macho kwa vidole viwili, alikuwa hajalala vizuri siku nyingi, alikuwa na zahanati nyingine nne. "Wanapinga kufungwa. Umeangalia faili? Kuna mahali imeandikwa tulifunga?"

Mwidani hakuhitaji kuangalia. Faili lote lilikuwa la mkono wake.

"Hakuna."

"Basi tunajibu nini?"

"Lakini kimefungwa, madam. Kuna kufuli."

"Mzee Mwidani." Sauti yake haikuwa kali. "Mimi nikiandika leo ati tulifunga, nitaulizwa ni nani aliamua, na lini, na umma ulisemaje. Na kumbukumbu zinasema umma ulikubali kwa kauli moja. Nani aliandika?"

Alirudi mezani. Alikaa na karatasi tupu mpaka saa ya chakula ikapita. Mara tatu aliandika, "Ni kweli, chumba kimefungwa," na mara tatu akaona jinsi sentensi ile ilivyosimama uchi katikati ya karatasi ya serikali, bila pa kujificha, na akaiona aibu yake kama ni yake mwenyewe. Saa tisa barua ilikuwa tayari. Haikuwa na kosa hata moja.

Alimpelekea kwa mkono, na daftari la kupokelea barua kwapani, maana barua ya kujibu ombi ni lazima ipokelewe kwa sahihi. Mwanarehema alikuwa uani akianua nguo. Alimkaribisha, akampa kiti, akamwuliza watoto, akamwuliza mgongo wake. Kisha akasema, "Nisomee."

Mwidani akasoma. "Idara imepokea kwa unyenyekevu ombi lenu kuhusu kinachodaiwa kuwa kufungwa kwa chumba cha uzazi cha Mkunguni. Baada ya mapitio ya kina, ofisi haikupata kumbukumbu ya uamuzi wowote wa kukifunga chumba hicho. Hivyo ombi la kukifungua halina msingi wa kushughulikiwa. Idara yawashukuru kwa ushirikiano wenu endelevu."

Mwanarehema alikunja shati la mjukuu wake, akalipanga juu ya mengine.

"Hii umeiandika weye."

"Ndiyo, dada."

"Nilijua. Hakuna mwengine wa kuandika hivi." Akachukua nguo nyingine. "Jalila hali samaki siku hizi. Ati amnukia damu."

Mwidani alifungua daftari, akatafuta mstari, akamwonyesha kwa kidole. "Yatakiwa utie sahihi hapa. Ama dole."

"Ya nini?"

"Kwamba umepokea."

"Kupokea nini?"

"Barua, dada. Barua tu."

Alimtazama kwa muda, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa akimsoma, kama wanavyosoma watu wasiojua kusoma, wakitafuta pa kushika.

"Nikitia dole hapo," alisema, "mtaandika nimekubali." Akalibeba beseni la nguo akaingia nalo ndani, na mlango akaurudisha nyuma yake bila kuubamiza.

Mwidani alibaki uani. Barua aliiweka juu ya kiti alichokuwa amekikalia, akaiwekea jiwe isipeperuke. Njiani, kabla hajafika barabarani, alisimama akafungua daftari juu ya ukuta wa mtu, kwa sababu safu ya sahihi haiwezi kurudi ofisini ikiwa tupu. Alifikiri kidogo tu. Halafu akaandika: "Imekabidhiwa."